Kabla Hujamwita wa Kupiga Dawa: Namna ya Kupata Kampuni ya Kuaminika ya Kuua Wadudu Nyumbani

Mtu wa kwanza niliyemwita kuua kunguni nyumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam, alifika na bomba la mgongoni, ndala miguuni, na dawa ndani ya chupa ya soda ya lita moja na nusu. Hakuuliza watoto wanalala wapi. Hakugeuza godoro. Alipuliza vyumba vitatu kwa dakika ishirini, akapokea pesa yake na kuniambia, "Dada, hapa umemaliza, usiku wa leo lala." Siku ya kumi na moja kitinda mimba wangu aliamka na mstari wa vipele kwenye mkono, vitatu vimefuatana kama tundu za sindano.

Niliwaita wengine wawili baada yake, kila mmoja kwa bei ya chini kuliko mwenzake, ndipo nikaelewa kinachouzwa hapa. Dawa hata duka la pembejeo inapatikana. Unachomlipa mtu wa wadudu ni macho yanayojua pa kutazama, na miguu itakayorudi mara ya pili. Hatua zilizo hapa chini ni zile ambazo ningependa mtu angeniwekea mezani siku ile kabla sijapiga simu.

Hatua ya kwanza: mjue mdudu wako

Usiseme "nina wadudu". Kamata mmoja, mweke kwenye kiberiti kitupu au umbandike kwa gundi ya karatasi, na umpige picha ya karibu. Kampuni nzuri itakuomba picha hiyo, na wewe utajua kama unadanganywa.

Mende peke yao ni kesi mbili tofauti. Yule mdogo wa rangi ya kahawia hafifu, wa sentimita moja hadi moja na nusu, mwenye michirizi miwili myeusi nyuma ya kichwa, anazaliana ndani ya jikoni lako: nyuma ya mota ya friji, kwenye bawaba za kabati, chini ya jiko la gesi. Jike hubeba kifuko cha mayai mpaka yakaribie kuanguliwa, na kifuko kimoja huwa na mayai thelathini hadi arobaini. Yule mkubwa mwekundu wa sentimita nne anatokea chemba na bomba la maji machafu, na huyo hata ukipiga dawa jikoni mwaka mzima atakuja tu mpaka mfuniko wa chemba uzibwe na sinki liwekewe wavu.

Kunguni hutafutwa kwa tochi. Toa godoro, pita kwenye mishono yake, kisha zitoe chaga moja moja na uangalie pale zinapokaa kwenye ubavu wa kitanda na kwenye matundu ya skrubu. Utaona nukta nyeusi kama za kalamu. Zisugue kwa kitambaa chenye maji: zikienea rangi ya kahawia iliyoiva, hicho ni kinyesi cha kunguni, ni damu yako iliyokwisha kusagwa. Mayai yao ni meupe, ya milimita moja, yamenata kwenye mbao.

Mchwa wana kipimo chao rahisi. Ukiona njia ya udongo inapanda ukutani au kwenye fremu ya mlango, ivunje kipande cha urefu wa kidole, uache. Kesho yake rudi. Ikiwa imeshonwa upya kwa udongo mbichi, kundi liko kazini. Ikibaki wazi siku kadhaa, huenda wamehama njia hiyo, na mtu anayetaka kukuuzia dawa ya nyumba nzima aeleze kwanza wako wapi.

Hatua ya pili: pima kama unahitaji kampuni

Sisimizi wa sukari, mende wawili watatu wakubwa, panya mmoja aliyeingia mvua ilipoanza: haya unayamaliza mwenyewe kwa kuziba, kusafisha na mtego. Mbu nao wana chandarua chenye dawa na nyavu za madirisha, na hakuna kampuni itakayokupulizia nyumba ukaweza kutupa chandarua.

Kunguni waliofika zaidi ya chumba kimoja, mende wadogo wanaotembea mchana, mchwa ndani ya fremu au kenchi, panya waliozaana darini: hapo ita watu wenye kazi yao. Na kama unakaa nyumba ya kupanga yenye vyumba vinavyopakana, vya dari moja, zungumza na mwenye nyumba na wapangaji wenzako kabla ya kulipa senti. Kunguni hupita kwenye nyufa za ukuta na tundu za nyaya. Kupiga chumba chako peke yake ni kuwahamishia jirani, na kwa jirani watarudi. Najua mazungumzo haya yana aibu ndani yake. Sisi sote tunaona kunguni ni uchafu, ilhali wanafuata damu na joto, na hawana habari kama nyumba imedekiwa. Wanakuja na begi la mtoto wa bweni, na kochi la mtumba, na mgeni uliyempenda.

Hatua ya tatu: piga simu tatu, sikiliza wanachokuuliza wewe

Tafuta majina matatu kwa watu waliokwisha hudumiwa angalau miezi mitatu iliyopita. Anayesifia kampuni iliyompigia dawa juzi bado hajajua kitu.

Ukipiga simu, eleza tatizo kwa sentensi mbili halafu nyamaza. Mjuzi atauliza: mdudu gani, vyumba vingapi, umeanza kuwaona lini, umeshapuliza nini mwenyewe, nyumba imepakana na nyingine, kuna mtoto mchanga, mjamzito au mwenye pumu, unafuga paka, kuku, samaki wa kwenye tangi. Maswali ya mifugo yana sababu yake: dawa nyingi za kupuliza ni za jamii ya pairethroidi, zilizotengenezwa kiwandani kwa kuiga sumu ya ua la pareto linalolimwa nyanda za juu kwetu, na jamii hiyo huua samaki hata kwa kiasi kidogo sana. Baadhi yake, kama pamethrini, ni hatari kwa paka.

Anayekutajia bei kabla hujamaliza kusema "kunguni", mshukuru, kata simu.

Hatua ya nne: ukaguzi kwanza, bei baadaye

Hapa ndipo utamtambua mtu wako, na ndipo ninapokuomba usifanye haraka.

Kijana aliyemaliza tatizo langu alikuja siku moja kabla ya kazi, mikono mitupu isipokuwa tochi, bisibisi na kadi ngumu ya plastiki. "Shikamoo mama. Naomba nianzie kitandani, halafu unionyeshe anapokaa baba akiangalia televisheni." Aligeuza kitanda, akapitisha ile kadi kwenye nyufa za ubavu wake ili aliyejificha atoke. Alishusha picha ya harusi yetu ukutani juu ya kitanda, akaigeuza: nyuma, kwenye pembe ya fremu, kulikuwa na kunguni saba na mayai yao. Alifungua kifuniko cha soketi ya umeme baada ya kuniomba nizime swichi kuu. Alikagua kochi la sebuleni kwa chini, akapasua kidogo kile kitambaa cheusi cha tumboni. Watu watatu kabla yake hawakugusa picha wala kochi. Dakika hamsini, na hakuwa amepuliza tone.

Ndivyo ukaguzi unavyotakiwa kuwa. Kwa mende, mtu afungue droo, asogeze friji, apige magoti chini ya sinki. Kwa mchwa, azunguke nyumba nje, agonge fremu kwa kishikio cha bisibisi asikilize panapotoa sauti ya utupu, apande darini aone kenchi, aulize kama udongo wa msingi uliwekewa dawa kabla ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu. Kwa panya, atafute tundu za kuingilia. Panya wa nyumbani aliye mdogo hupita kwenye upenyo wenye upana wa kalamu, kwa hiyo anayekuuzia sumu bila kukuonyesha pa kuziba anakuuzia sumu ya mwaka mzima.

Kampuni nyingine hutoza ada ndogo ya ukaguzi na kuikata kwenye bei ya kazi. Naona ni haki. Mafuta ya pikipiki na muda wa mtu vina thamani.

Hatua ya tano: karatasi

Hii ni fupi. Omba leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, na kibali cha kazi ya ufukizaji na upulizaji. Kwa Tanzania Bara anayesajili viuatilifu na kusimamia wanaovitumia kibiashara ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao Arusha. Iliundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 na ikarithi kazi za TPRI, taasisi ya zamani ya utafiti wa viuatilifu, ndiyo maana baadhi ya mafundi wa zamani bado wanataja jina hilo. Kenya, ulizia leseni ya PCPB, bodi ya huko inayosimamia viuatilifu. Tazama tarehe ya mwisho wa kibali, na kama jina lililoandikwa ndilo la kampuni inayokuja kwako. Kibali cha kampuni ya "rafiki yangu" hakikuhusu.

Hatua ya sita: dawa yenyewe

Mwambie kabla ya siku ya kazi: dawa ije kwenye chombo chake cha kiwandani, lebo ikiwa nzima, na ichanganywe mbele yako. Chupa ya soda, dumu la maji, kopo lililobanduliwa karatasi, vyote virudi vilikotoka. Mbali na kutokujua unachopuliziwa, chupa ya soda yenye sumu ikisahauliwa nyuma ya mlango ni mtoto anayepelekwa hospitali.

Soma lebo mambo manne: jina la kiini cha dawa (kemikali yenyewe inayoua), namba ya usajili, tarehe ya kwisha muda, na mkanda wa rangi chini ya lebo. Mkanda mwekundu ni sumu kali kabisa, njano inafuata, kisha bluu, kisha kijani. Dawa ya mkanda mwekundu haina kazi chumbani kwa watu. Piga picha lebo hiyo kwa simu yako na uitunze. Siku mtu akiumwa kichwa, akitokwa mate na jasho jingi, akipumua kwa shida baada ya kupuliziwa, daktari atataka kujua ni kiini gani, na picha hiyo itamwambia.

Kisha uliza atafanya nini na dawa hiyo. Majibu yawe tofauti kwa kila mdudu.

Kwa mende wadogo, njia inayofanya kazi vizuri jikoni ni jeli ya chambo, vitone vidogo kama punje ya mchele kwenye bawaba, nyufa na nyuma ya friji. Mende hula, hurudi mafichoni, hufa, na wenzake hula kinyesi na mzoga wake nao wakafa. Fundi anayeweka jeli na kupuliza dawa papo hapo juu yake anaharibu kazi yake mwenyewe, kwa sababu mende hawatagusa chambo kinachonuka dawa.

Kwa kunguni, usikubali neno "mara moja". Dawa nyingi haziui mayai vizuri, na kwenye joto letu mayai huanguliwa ndani ya wiki moja hadi siku kumi hivi. Ndiyo maana kwangu walirudi siku ya kumi na moja. Duru ya pili baada ya wiki mbili ni sehemu ya tiba. Isitoshe, kunguni wa sehemu nyingi duniani wamekuwa sugu kwa pairethroidi, hivyo muulize: hizi zikishindwa, unabadilisha na dawa ya jamii gani? Mwenye jibu anaijua kazi. Muulize pia kama anatumia joto au mvuke. Kunguni na mayai yake hufa kwa joto la nyuzi zaidi ya 50, na mvuke uliopitishwa polepole kwenye mshono wa godoro hauachi sumu. Yale makopo ya moshi unayowasha na kufunga mlango yaache, maana moshi hauingii kwenye nyufa walimojificha, na wengine hutawanyika vyumba vya pili.

Kwa mchwa, dawa huingizwa ardhini kuzunguka msingi, au kwa kutoboa sakafu kandokando ya kuta na kujaza. Fipronili na imidaklopridi hutumika sana. Klopairifosi bado inazunguka kwenye maduka yetu, lakini Umoja wa Ulaya uliikataa mwaka 2020, na mwaka 2025 nchi za Mkataba wa Stockholm, ule wa kudhibiti kemikali za sumu zinazodumu muda mrefu, zilikubaliana iondolewe matumizini duniani, kwa misamaha michache. Mimi nyumbani kwangu siitaki, na nakushauri useme hivyo wazi. Kama una kisima, kitaje kabla ya mtu kuchimba mfereji wa dawa.

Kwa panya, chambo cha sumu kikae ndani ya kisanduku kinachofungwa, asichokifikia mtoto wala paka. Sumu za kuzuia damu kuganda huua baada ya siku kadhaa, na zina tiba hospitalini, vitamini K1. Zile pakiti za unga mweusi zisizo na jina zinazouzwa stendi, panya akianguka palepale, ni za kuogopwa na kila mwenye mtoto.

Sasa naomba unisikilize sana. Kuna vidonge vya kufukizia mahindi ghalani, vya aluminiamu fosfaidi. Vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Kuna watu huviweka chumbani chini ya kitanda kuua kunguni, wakafunga mlango, familia ikalala chumba cha pili. Gesi hiyo hupita kwenye dari, chini ya mlango, kwenye ufa, na mtu aliyeivuta hana dawa ya kuipinga. Familia nzima zimekufa hivyo katika nchi mbalimbali. Huku kwetu kila upulizaji tunauita "fumigesheni", kwa hiyo usiishie kusikia neno hilo. Uliza: "Unapuliza dawa ya maji, au unaweka gesi?" Akisema vidonge, mtoe nje ya geti lako, na uwaambie majirani.

Hatua ya saba: andikeni

Karatasi moja inatosha. Iandikwe: mdudu gani, vyumba vipi vikiwemo choo, stoo na dari, kiini cha dawa, tarehe ya duru ya kwanza na ya pili, nani anahamisha samani, bei yote, na kinachofuata wadudu wakionekana kati ya duru hizo. Mimi hulipa nusu duru ya kwanza ikiisha na nusu duru ya pili ikiisha. Kampuni iliyonihudumia ilikubali bila kununa. Mbili zilikataa, nikazishukuru.

Gerentii itazame kwa akili. Miaka kadhaa kwa mchwa ni jambo la kawaida ikiwa dawa iliingia ardhini kwa kipimo chake. Gerentii ya mwaka kwa kunguni nina shaka nayo, kwani hakuna anayeweza kukuzuia kuwaleta kesho kwenye begi la safari. Afadhali yule anayeandika, "Tutarudi bure ndani ya siku 45 wakionekana."

Bei usizilinganishe kwa tarakimu peke yake. Laki moja yenye ukaguzi, duru mbili na kurudi bure ni nafuu kuliko elfu hamsini ya duru moja utakayoilipa mara tatu.

Hatua ya nane: siku ya kazi na wiki zinazofuata

Muulize fundi uandae nini, na akikuambia "wewe toka tu", hapo napo pana ishara. Kwa kunguni, nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, yaanikwe, yapigwe pasi, yafungwe kwenye mifuko mipya. Chaga zimwagiwe maji yanayochemka nje. Godoro usilitupe mtaani: litaokotwa jioni hiyo hiyo, na kunguni wako watapata nyumba mpya. Vyombo, chakula, miswaki na midoli ya mtoto vitolewe au vifunikwe. Tangi la samaki litolewe, na kama halibebeki, lifunikwe na pampu yake izimwe.

Wafanyakazi wavae glavu, barakoa ya chujio, miwani na viatu vya kufunika. Asiyejilinda yeye hatakulinda wewe, na kwa kweli inaniuma kuwaona vijana wetu wakipuliza sumu kutwa nzima na kitambaa puani. Kama kampuni haiwapi vifaa, iulize mbele yao.

Kaeni nje mpaka dawa ikauke na muda ulioandikwa kwenye lebo upite, kisha fungueni madirisha kabla watoto hawajaingia. Meza, kaunta ya jikoni na vyombo vioshwe kwa sabuni. Pembe za kuta, chaga na nyuma ya kitanda msizioshe mpaka duru ya pili ipite, kwa kuwa dawa iliyobaki pale ndiyo inayowasubiri wanaoanguliwa. Na usihame chumba. Kunguni wakikosa mtu watamfuata alipo, au watakaa miezi bila kula wakikungoja. Lala palepale, kitanda kiwe mbali na ukuta, shuka lisiguse sakafu, na kila mguu wa kitanda ndani ya kikopo cha plastiki kilicho laini kwa ndani, ambacho hawawezi kukipanda. Kila asubuhi angalia vikopo na uandike idadi. Mimi wiki ya kwanza niliandika tisa, ya pili mbili, baada ya duru ya pili sifuri. Daftari lenyewe nilimpa yule kijana, akalipiga picha.

Mwezi wa pili baada ya kazi, chukua tochi na bisibisi, fungua chaga tena, geuza picha ya ukutani.